Mitungi Iliyobeba Nembo Yangu

Kwetu Newala, juu ya uwanda, hakuna maji. Naanza na jambo hili kwa sababu wasomaji wa pwani wakisikia kijiji hudhani lazima pembeni pana kijito. Hakuna. Mvua ikinyesha, mchanga huinywa yote, na maji hujitokeza chini kabisa, mabondeni, kwenye mbu na njia za wavamizi, mahali ambapo wazee wetu walikataa kujenga. Kwa hiyo mwanamke wa Newala huamka, hutia ngata ya nguo kichwani, hushuka mteremko ambao hata mbuzi huushuka kwa woga, hujaza mtungi, kisha hupanda. Akifika nyumbani, jua limekwisha kuwa kali na asubuhi haipo tena. Sasa mtungi huo ukivuja, ujue kwamba asubuhi nzima ya mtu imemwagika njiani.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na bibi pia. Mitungi yetu ilikuwa na alama shingoni: mistari iliyopindana kama mifupa ya samaki, na chini yake safu ya vitone. Haikutungwa kwa ajili ya mitungi. Ni nembo tuliyochanjwa tumboni tulipokuwa wasichana, kila ukoo na yake, na msichana akianza kufinyanga aliihamishia kwenye udongo. Aliyenunua mtungi alijua umetoka kwa watu gani, na ukimharibikia alijua aende mlango upi kugomba.

Namna ya kufinyanga wengi wanaifahamu: unaponda udongo, unapandisha kuta kwa vidole, unalainisha kwa gunzi la muhindi, halafu kwa kokoto, unaanika kivulini mpaka mtungi ubadilike rangi, ndipo unauchoma. Lakini kuna kazi moja ya mwisho ambayo mpita njia haioni maana yake. Mtungi ukitoka motoni, ungali mwekundu kwa joto, unaumwagia uji mwepesi wa mtama, ndani na nje, kwa fagio la majani. Uji unachemka, unalia, moshi unapanda. Unga ule huingia kwenye vitundu vya udongo visivyoonekana kwa macho na kuviziba. Mtungi usiooshwa kwa uji hutoa jasho, na mtungi unaotoa jasho sana ndio unaovuja.

Nilipokuwa kijana nilikuwa mtu asiyetulia. Mama alisema nilizaliwa njiani ndiyo maana. Wadachi walikuwa wamekwisha kuweka askari wao na kodi yao ya nyumba, wapagazi wa mpira na nta walikuwa wakipita Masasi kama siafu, na mimi nilikaa Newala nikiwauzia mitungi wanawake walewale ambao mtungi mmoja uliwatosha miaka. Nilitaka kazi yangu ikue. Mume wangu alikuwa amefuata wagema mpira ng'ambo ya Ruvuma na hakuleta habari. Basi nikafunga nguo zangu, nikateremka kupitia Chiwata hadi Masasi. Njiani nilijipa ahadi moja, si kwa mama wala kwa mizimu, kwa nafsi yangu tu: mtungi wowote utakaobeba nembo yangu, mikono yangu ndiyo itakayouosha kwa uji.

Masasi nilipata rafiki, mwanamke wa Kimakua, mfinyanzi kama mimi, mwenye mikono mikubwa na mdomo mkubwa zaidi. Tulichoma pamoja nyuma ya nyumba yake. Hapo ndipo alipotukuta bwana mmoja wa Lindi aliyekuwa na duka la chumvi na kaniki. Alikuwa mwungwana wa kanzu nyeupe ambayo vumbi la Masasi, sijui kwa nini, liliiheshimu.

"Wewe dada wa Kimakonde," aliniambia, "kila nikipita nakukuta umesimama. Kwani chini pana siafu?"

"Nasubiri mitungi ikauke, bwana."

"Na huwezi kuisubiri umekaa?"

"Akikaa huyo," rafiki yangu akadakia, "mitungi itadhani kazi imekwisha."

Bwana alicheka, akanunua mitungi miwili, na baada ya muda akarudi na shauri. Angetupa ua wake wenye kivuli, kuni, na chakula cha mchana. Angeongeza wanawake wengine. Wapagazi wake waliokuwa wakipanda Newala kununua mpira wangebeba mitungi kwenda, badala ya kupanda mikono mitupu. Sisi kazi yetu ingekuwa kufinyanga tu. Nilikubali, na sijuti kukubali. Naomba msomaji aelewe hivyo. Kukataa mkono unaokusaidia hakukufanyi mwaminifu kwa nafsi yako.

Ua ukajaa. Kila mwanamke alichora nembo ya kwao, na hapo ndipo bwana alipoona jambo lililomkera: kule Newala wanawake walichagua mitungi yenye nembo yangu na kuiacha mingine. Walimjua mama.

"Chora yako kwenye yote," alisema.

"Haiwezekani. Hiyo ni ya kwetu."

"Basi wafundishe wenzako waichore."

"Watakuwa wanadanganya."

"Watakuwa wanauza," alisema, akaenda kuswali.

Alirudia maneno hayo kwa upole kila mara, kama mtu anayetikisa nguzo kujaribu kama imekaza. Na mimi, nikiri, nilitikisika. Kutwa nilikuwa natoka kwenye kuni kwenda kwenye vivuli, naamua magomvi, napokea udongo, natafuta mtama. Nilifinyanga kidogo sana. Kila tulipochoma, hata hivyo, nilikimbia kushika fagio la majani, nikaosha mitungi yangu mmoja mmoja, na wenzangu wakaosha yao. Saa hiyo ndiyo pekee ambayo miguu yangu ilitulia. Nikimaliza, naanza tena kuzunguka ua kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia.

Kisha mama akafariki. Nilipanda Newala nikakaa matanga. Siku za matanga zilikuwa ndefu kwangu kuliko kwa ndugu zangu. Nililia, nikalala chini na wenzangu, huku moyo ukiwa Masasi. Nilijiuliza nani anaangalia kuni, nani ameanika juani mtungi mbichi. Niliona haya kwa mawazo hayo lakini yalikuja tu.

Asubuhi moja, matanga yakikaribia kuondolewa, alikuja jirani mmoja aliyekuwa shoga wa mama, mwanamke mwenye ndonya pana ya mti kwenye mdomo wa juu na macho yasiyosamehe. Alikuwa ametoka bondeni. Ngata yake ilikuwa inachuruzika, kaniki yake imelowa hadi kiunoni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nitazame."

"Nakutazama, mama."

"Nimeoga, sivyo? Nimeoga njia nzima. Nimekuja kukupa pole ya msiba, na kukuuliza kama mama yako amekwenda na mitungi yote ya kweli, akatuachia hii."

Aliutua. Ulikuwa na mifupa ya samaki shingoni na vitone chini yake. Maji yalibaki kitakoni, kiasi cha kunywesha kuku. Niliushika, na vidole vyangu vikajua kabla yangu: ukuta mnene, bega limekaa chini, na ndani unakwaruza kama jivu. Hakuna aliyeumwagia uji. Wala sikuwa nimeufinyanga mimi.

"Si wangu," nikasema.

"Si wako?" Alinifunua khanga kidogo tumboni mbele ya wafiwa wote, akaonyesha kwa kidole. "Hili je, la nani?"

Wanawake walicheka, hata dada zangu waliokuwa na machozi. Mimi sikucheka. Aliniambia wapagazi walileta mzigo mzima wa mitungi hiyo nilipokuwa matangani, na watu waliigombania.

Sikungoja tena. Matanga yalipoondolewa tu nilishuka. Chiwata, nilipolala, niliikuta ina wasiwasi: wanaume walikuwa wakinoa mikuki na kutazamana bila kusema. Habari zilikuwa zimefika kutoka upande wa Liwale kwamba kuna dawa ya maji, anayeinywa risasi za Wadachi hazimpati, na kwamba maduka ya watu wa pwani yanachomwa moto. Wengine waliamini, wengine walisema ni upuuzi, na wote walikuwa wakifunga mizigo. Mimi nilikuwa nikifikiria mitungi. Leo najishangaa, lakini ndivyo tulivyo. Vita vikubwa vinakuja na mtu anashughulika na jeraha lake dogo kwa sababu hilo ndilo analoweza kulishika.

Uani kwa bwana nilikuta mitungi mibichi imepangwa, yote na nembo yangu.

"Nani amechora hii?"

Rafiki yangu wa Kimakua akafuta mikono mapajani. "Mimi. Na huyu. Na yule. Bwana alisema umekubali. Karibu sana dada, maana nimechoka kuchora tumbo lako. Langu mwenyewe nimeanza kulisahau."

Bwana alikuwa dukani akifunga majora ya kaniki kwa kamba. Kanzu yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa na vumbi.

"Sasa hivi?" alisema nilipoanza. "Watu wanachoma maduka, nawe unaniletea mambo ya mitungi?"

"Ya nembo tutazungumza. Kwanza nieleze, kwa nini hamkuiosha kwa uji?"

Aliacha kamba. Akatazama mlangoni, akashusha sauti kama mtu anayezungumzia ugonjwa wa aibu. "Dada, mimi ni mtu wa kuswali. Nimekuvumilia muda mrefu. Kila mkichoma, mnamwaga unga, mnapandisha moshi, mnawalisha mizimu yenu uani kwangu. Nilikuwa nazungumza na moyo wangu, nasema huyu ni mgeni, tumstahi. Ulipoondoka nikawaambia wenzako basi, tambiko halitafanyika tena hapa."

Nilimtazama. Halafu nikaanza kucheka, nikacheka mpaka nikashika nguzo ya duka.

"Bwana, ule uji si wa mizimu. Ni wa vitundu."

"Vitundu gani?"

Nikamweleza, kama nilivyokueleza wewe, taratibu, kuanzia udongo hadi jasho la mtungi. Alikaa juu ya gunia la chumvi.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Ningekuulizaje habari za mizimu yako, dada? Si ningekuvunjia heshima?"

Hakuwa mtu mbaya. Mambo haya yangekuwa mepesi kusimulia kama angekuwa mbaya. Alifuta uso, akanieleza mpango wake. Kesho alfajiri msafara wake unakwenda Lindi, huko kuna askari wengi na hakuna atakayetugusa. Twende wote. Atajenga ua mkubwa kuliko huu.

"Uji utaumwaga, hata ukitaka kuuchanganya na asali. Ila nembo iwe moja, yako, kwenye kila mtungi. Watu wananunua nembo, dada. Wewe huwezi kufinyanga mitungi ya nchi nzima."

"Na ile iliyokwisha kupanda Newala?"

"Iliyouzwa imeuzwa."

Nilitoka nje, nikazunguka ua, nikarudi, nikatoka tena. Lindi palikuwa na usalama. Palikuwa na biashara niliyoitamani tangu nilipofunga nguo zangu kuondoka kwetu. Newala palikuwa na kiu, labda na vita, na wanawake waliolowa waliokuwa wakilitaja jina la mama yangu kwa hasira. Akili yote ilikuwa upande wa Lindi. Lakini kila nilipojiona huko, nimekaa barazani na wanawake wengi wananifinyangia, niliona pia nembo yangu ikipita peke yake nchi za watu, ikisema mambo nisiyoyajua, nami sina pa kuisimamisha. Nilikuwa nimekwisha kuonja hilo mara moja mbele ya wafiwa. Sikuwa na nguvu ya kulionja maisha yangu yote.

"Sendi," nilimwambia.

"Utakufa na njaa huko juu."

"Huenda."

"Kwa ajili ya vitone!" alisema, akashika kichwa. Hata hivyo alitupa chumvi, mimi na rafiki yangu, tukaondoka asubuhi ileile waliyoondoka wao, kila msafara na upande wake.

Siku chache baadaye, tukiwa tumesimama ukingoni mwa uwanda, tuliona moshi upande wa Masasi. Sitasimulia vita, wapo walioviona kwa karibu, mimi nilivisikia tu. Nilisikia ngoma, nilisikia watoto wa wakimbizi wakilia kwa lugha tatu. Wanaume wetu walilinda njia kwa pinde na magobole, na wanawake tukawa tunashuka bondeni kwa makundi, tukipiga kelele ili tusisikie woga wetu.

Katikati ya hayo nilisimama kwenye njia ya maji nikatangaza: kila mwenye mtungi wa nembo yangu unaovuja, aulete, nitampa mwingine.

"Wa nembo yako, au uliofinyangwa na wewe?" aliuliza yule shoga wa mama.

"Wa nembo yangu. Aliyenunua hakununua mikono, alinunua nembo. Sitamchambua mtu."

"Hm. Umerudi na mdomo. Tutaona kama umerudi na udongo."

Udongo mzuri uko bondeni, na bondeni ndiko tulikoogopa. Nilishuka na makundi ya maji, wenzangu wakijaza mitungi mimi nachimba kwa haraka huku nikitazama vichaka. Nilifinyanga kama mtu anayefukuzwa. Mara nyingi mtungi mbichi ulinipasukia motoni kwa sababu roho yangu haikuusubiri kivulini, nikaanza tena. Baadhi ya jamaa walinishauri niache nembo ile, nichore nyingine isiyo na mkosi, nianze upya na jina safi. Lilikuwa shauri zuri la biashara. Lakini nikienda kuoga naikuta tumboni. Ningekuwa na nembo mbili, moja ya kuuza na moja ya kuficha, na kwa mtu asiyetulia kama mimi hilo lingekuwa wazimu.

Njaa ilipokuja baada ya vita, uji wa kuosha mitungi ukawa dhambi. Huwezi kumwagia udongo mtama mbele ya mtoto anayelamba mkono. Rafiki yangu alikumbuka kwamba kwao zamani walichemsha magome ya miti yenye utomvu mzito, wakaosha kwa maji yake. Tulijaribu. Yaliziba, ila maji ya kunywa yalikuwa machungu kwa siku kadhaa. Nilimwambia kila aliyechukua mtungi: huu umeoshwa kwa magome, utakunja uso, kisha utazoea. Hakuna aliyeurudisha. Nimefikiri sana juu ya hilo. Watu huvumilia uchungu walioambiwa mapema; wasichovumilia ni kulowa bila kujua.

Basi wewe unayeanza kazi yako leo, ya duka au ya cherehani au ya shamba, usiogope kwamba kushika ahadi yako kutakupunguza. Kutakupunguza, ndiyo, kwa kitambo. Mimi nilivaa kaniki moja hadi ikaona aibu yenyewe. Ila chagua mapema ni kitu gani hasa ambacho hutakiachia mkono mwingine. Kiwe kimoja, kidogo. Mengine yote waachie watu wafanye, uwashukuru, na uwaeleze maana yake hata kama hawakuuliza.

Mvua za pili baada ya vita bwana wa Lindi alirudi, amekonda, na wapagazi wachache. Alinikuta nyumbani kwa mama, wanawake sita uani, rafiki yangu akiwa kiongozi wao kwa kelele.

"Bado umesimama," alisema.

"Bado. Karibu, bwana. Habari za Lindi?"

"Nilijaribu ufinyanzi na wanawake wa kule. Wanafinyanga vizuri." Akatazama pembeni. "Newala hawaitaki."

Alipitisha macho kwenye mitungi iliyopangwa ukutani, akaona kwamba kila fungu lina nembo yake.

"Hukubadilika hata kidogo?"

"Nimebadilika. Hawa wenzangu ninawauzia mitungi yao, nao wananiuzia yangu. Ukitaka mizigo, chukua yote. Ila ukiulizwa huu wa nani, uwe na jibu."

"Nitakumbukaje matumbo yote haya?"

"Mbona majora ya kaniki unayajua kwa kuyagusa tu gizani?" rafiki yangu akamwambia. "Au matumbo unayaonea haya?"

Alicheka hadi akakohoa. Alichukua mizigo michache, akaahidi kujifunza, na nadhani alijifunza kiasi. Biashara haikuwa ile aliyoniahidi uani Masasi. Ilikua polepole sana, na zipo siku, hasa nilipokosa chumvi, niliutazama ukingo wa uwanda upande wa Lindi na kujiuliza kama nilikuwa mpumbavu. Kisha nilikwenda kuponda udongo.

Katika gulio moja hapa Newala alikuja msichana aliyekuwa anaolewa, na mama yake. Walipita mbele ya mitungi yangu, nikaweka sawa uso wangu wa kuuzia. Msichana akainama, akapita, akainua mtungi wa rafiki yangu, ule wenye nembo ya Kimakua, nyota na mwezi mwembamba. Akaugonga, akausikiliza.

"Huu wa nani, mama?" aliniuliza mimi.

Mtu ana nafasi ndogo sana katika maswali ya namna hiyo. Mtungi ule ulikuwa mzuri, bega lake lilikuwa zuri kuliko mabega yangu ya mwaka ule. "Wa yule pale anayetafuna muhogo," nikasema. "Mwambie akuoshee mwingine kama huo ukikusumbua. Hautakusumbua."

Walipokwisha kuondoka nao, rafiki yangu alinisogelea, mdomo umejaa. "Usinune, dada. Na tumbo langu lina watu wake."

"Sijanuna."

"Umenuna."

Nilikuwa nimenuna kidogo. Nilikuwa pia na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Nikaigeuza mitungi yangu, mmoja baada ya mwingine, nembo zielekee njiani.